Mama alifariki kwa kansa ya utumbo mpana, na mitokondria tunarithi kwa mama tu. Je sisi watoto tumeshaipata?

binti_pangani

Habari zenu wana jukwaa. Naombeni mnisaidie kwa hili maana linaninyima usingizi mwezi wa pili sasa. Mama yangu alifariki mwaka jana mwezi wa nane kwa kansa ya utumbo mpana, alikuwa na miaka 48 tu, iligundulika akiwa na 47 na wakati huo ilishafika kwenye ini. Sasa kuna klipu nimeiona mtu anaeleza kwamba watafiti walichukua vivimbe vya kansa ya utumbo wakakuta DNA ya mitokondria (vile vyumba vidogo vya kutoa nishati ndani ya seli) imebadilika, na mimi nikakumbuka bailojia ya sekondari, kwamba mitokondria unapewa na mama peke yake, baba hachangii kitu. Aisee nilipata baridi mwili mzima.

Maana ukiangalia kwetu hii kitu iko upande wa mama. Bibi mzaa mama alikufa na "tumbo" miaka ya tisini, hakupimwa, walisema karogwa. Mama mdogo alitolewa kizazi akiwa na 45, kansa ya mji wa mimba, na siyo ile ya shingo ya kizazi, nimemuuliza mara mbili nikahakikisha. Mjomba naye miaka minne iliyopita alikatwa kipande cha utumbo, mpaka leo anaendelea vizuri anavua kama kawaida. Upande wa baba hakuna hata mmoja mwenye hayo.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: sisi watoto watatu tuna mitokondria ya mama, basi tumeshairithi, ni kusubiri tu. Watoto wa mjomba wao wako salama kwa sababu mitokondria yao wameipata kwa mama yao ambaye ametoka ukoo mwingine kabisa. Nilishawaambia hivyo na wamefurahi.

Nauliza, hii DNA ya mitokondria inapimwa wapi? Inatibika? Kuna dada kwenye grupu la WhatsApp anauza vidonge vya kurekebisha mitokondria, dozi ya miezi mitatu laki moja na themanini, nimeshampa nusu. Mimi nina miaka 34, mdogo wangu 29, kaka yetu 41. Wote wazima tu, kaka ndo anasumbuliwa na bawasiri tangu mwezi wa tatu, anaona damu damu chooni ila kuna dawa ya kienyeji anatumia inampa nafuu.

sista_endo

Pole sana mdogo wangu kwa kumpoteza mama. Wengine watakuja kukueleza hayo ya mitokondria, mimi ni nesi, nipo chumba cha endoskopi, cha kuangalia tumbo kwa kamera, mwaka wa tisa huu, naomba nianze na sentensi yako ya mwisho ambayo umeiandika kama ya kupita tu.

Kaka yako ana miaka 41, mama yake kafa na kansa ya utumbo akiwa na 48, mjomba kakatwa utumbo, na yeye anatoa damu chooni tangu mwezi wa tatu. Nani alimwambia ni bawasiri? Kuna mtu alimwangalia au kajipima mwenyewe? Nakuuliza hivyo kwa sababu karibu kila wiki tunapokea mtu aliyetibu bawasiri kwa mwaka mzima, mafuta, mizizi, vidonge vya kuingiza, damu inakata wiki mbili inarudi, halafu tukiingiza kamera tunakuta kitu kingine kabisa. Uvimbe wa utumboni unatoa damu leo, kesho unanyamaza, kwa hiyo hiyo nafuu anayoipata haina maana kwamba dawa inafanya kazi. Muulize na haya, je choo kimebadilika, kimekuwa chembamba au anaharisha mara anafunga? Anapungua uzito? Anachoka ovyo, anahema akipanda ngazi? Hata akijibu hapana kote bado anatakiwa kolonoskopi, ile kamera ya kuangalia utumbo mpana, na namaanisha mwezi huu, hii ya kusema mwaka ujao hapana.

Wewe mwenyewe tutaongea, una muda kidogo. Yeye hana.

labu_nairobi

Dadangu pole sana. Sista amesema la kwanza na mimi naongezea tu kwamba hesabu yako ya watoto wa mjomba iko na kasoro kubwa, na hiyo kasoro inaweza kuumiza mtu, kwa hivyo nivumilie nieleze kwa urefu kidogo. Mimi nafanya kazi maabara ya jenetiki, si daktari.

Seli yako inahifadhi DNA mahali pawili. Nyingi iko kwenye kiini, hiyo nusu ya baba nusu ya mama. Halafu iko kidogo sana ndani ya mitokondria, kaduara ka herufi 16,569, jeni 37 basi, na kati ya hizo 13 tu ndizo zinatengeneza protini, zote ni vipuri vya ule mtambo wa kutoa nishati. Ilisomwa yote Cambridge kule Uingereza mwaka 1981. Seli moja inabeba nakala mamia mpaka maelfu za hiyo duara. Na ni kweli ulivyofundishwa, unaipata kwa mama.

Lakini mabadiliko wanayoyakuta kwenye kansa ya utumbo kwa sehemu kubwa hayakutoka kwa mama wa mgonjwa. Yametokea humo humo utumboni, ukubwani, na hayaendi kwa mtoto. Mtoto anatoka kwenye yai, na yai halihusiani kabisa na seli za utumbo. Mama yako hata kama uvimbe wake ulikuwa umejaa mitokondria mbovu, wewe ulikuwa umeshazaliwa na mitokondria zako miaka mingi kabla.

Yanatokeaje? Ukiangalia ukuta wa ndani wa utumbo mpana kwa hadubini utaona haujalala tambarare, umejaa vishimo vidogo sana vimesongamana kama sega la nyuki, mamilioni. Chini kabisa ya kila kishimo kuna seli shina chache, hizo ndizo mama wa wengine wote, zinazaa, seli changa zinapanda ukuta wa kishimo taratibu, zikifika juu baada ya siku chache zinakatika zinaenda na choo. Ni kazi ya kuzaa isiyolala maisha yako yote. Na kila seli ikizaa lazima zile duara zinakiliwe, na mnakili huwa anakosea. Kosa moja kwenye duara moja kati ya elfu halidhuru mtu, lakini kwa bahati tu, mwaka baada ya mwaka, hiyo nakala yenye kosa inaweza kuongezeka mpaka inajaza seli shina nzima, na seli shina ikijaa basi kishimo chote kinajaa maana wote mle ni watoto wake.

Hii si nadharia. Watafiti wa Newcastle, Uingereza, walionyesha hivyo mwaka 2003 kwenye utumbo wa watu. Kuna rangi wanapaka, kishimo chenye mitokondria nzima kinakuwa kahawia, chenye mitokondria iliyoharibika kinabaki bluu. Wakaona vishimo vizima bluu kuanzia chini mpaka mdomoni, na kadiri mtu anavyozeeka vinazidi. Mwaka 2006 wakaonyesha tena kwamba kishimo kinaweza kupasuka kikawa viwili, kwa hivyo bluu inazaa bluu, unapata kiraka. Hizo picha mimi nilizitazama mara ya kwanza nikiwa chuo na sijawahi kuzisahau, ni kama ramani ya uzee wa mtu imechorwa ndani ya tumbo lake. Na tena wengi wenye hivyo viraka hawapati kansa.

Sasa rudi kwa familia yenu. Mama utumbo akiwa na 47, mama mdogo mji wa mimba akiwa na 45, mjomba utumbo, na bibi pengine. Hiyo picha, utumbo na mji wa mimba kwa watu wa tumbo moja tena kabla ya 50, inaelekeza kwa kitu kingine kinaitwa sindromu ya Lynch. Sisemi mko nayo, nasema lazima iulizwe. Hiyo iko kwenye DNA ya kiini, jeni nne hasa, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, kazi yao ni kusahihisha makosa DNA ya kiini ikinakiliwa. Mtu akizaliwa na nakala moja mbovu, kila mtoto wake ako na nafasi nusu kwa nusu ya kuipata, na haijalishi mwenye nayo ni baba au mama.

Unaona tatizo liko wapi? Ingekuwa ni mitokondria kweli watoto wa mjomba wangekuwa salama. Lakini kama ni Lynch na mjomba anayo, basi wao wako kwa hatari sawa na nyinyi. Na wewe ulishawaambia walale usingizi. Wapigie tafadhali.

kijana_wa_MUHAS2

Samahani naingilia, mimi bado mwanafunzi naomba kuelimishwa na huyu ndugu wa Nairobi. Umesema mabadiliko ya mitokondria yanakuja na uzee na wengi hawapati kansa, sasa je yana kazi gani kwenye kansa yenyewe? Maana tulisoma kwamba kansa ya utumbo inaanza na APC, inafuata KRAS, halafu TP53, kinyama kidogo kinakua kinakuwa kansa, yote hayo ni jeni za kiini. Mitokondria haitajwi popote. Halafu nimesoma sehemu mwanasayansi wa Ujerumani, Warburg, alisema tangu miaka ya 1920 kwamba kansa inatokana na mitokondria kufa, seli inaanza kuchachusha sukari hata hewa ikiwepo. Sehemu nyingine nikasoma uvimbe wa utumbo una mabadiliko MACHACHE ya mitokondria kuliko nyama nzima ya pembeni. Nimechanganyikiwa, hawa watu wanapingana au mimi ndo sielewi?

labu_nairobi

Hapana, umeelewa vizuri, hilo swali ndilo lenyewe na watu wamebishana juu yake zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 1998 maabara ya mtafiti wa kansa Vogelstein kule Baltimore, Marekani, ndio hao hao waliochora ile ngazi ya APC, KRAS na TP53 unayoisoma, walichukua laini kumi za seli za kansa ya utumbo, yani seli zinazokuzwa maabara, wakasoma mitokondria yote. Saba kati ya kumi zilikuwa na mabadiliko, na mengi yalikuwa yamejaza seli nzima, nakala zote zimefanana. Watu wakasema basi, kama yamejaza hivyo lazima yanaisaidia kansa. Ikaonekana imeisha. Lakini 2001 wengine wakapiga hesabu kwa kompyuta wakaonyesha kujaa huko kunaweza kuja kwa bahati tupu, bila faida yoyote, ukiipa seli muda wa kutosha wa kuzaa. Na ile kazi ya Newcastle niliyotaja ikawaunga mkono, maana vishimo vizima visivyo na kansa navyo vimejaa. Kwa hivyo ukikuta mabadiliko kwenye uvimbe inawezekana yalikuwemo kwenye ile seli shina kabla haijageuka kuwa kansa, ni abiria amepanda tu.

Hiyo ya machache ni ya 2012. Wale walihesabu makosa mapya, yale yaliyotawanyika nakala moja moja ambayo hayajasambaa, wakakuta kwenye uvimbe ni machache kuliko kwenye nyama ya jirani. Wenzao wanahesabu yale yaliyosambaa tayari. Vitu viwili tofauti, kwa hivyo hawapingani sana vile inaonekana. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuliona hilo.

Na Warburg alipata Nobel mwaka 1931, na ni kweli seli za kansa zinakula sukari sana, lakini kusema mitokondria zimekufa si kweli. Kuna kazi ya 2015 kwenye panya, walichukua seli za kansa wakazitoa DNA ya mitokondria yote kabisa, wakazipandikiza. Zilikaa muda mrefu bila kukua, na zilipokuja kukua wakakuta zimechukua mitokondria kutoka kwa panya mwenyewe. Zimeazima! Kansa inaihitaji mitokondria, na si kwa nishati peke yake, inaihitaji pia kupata malighafi ya kujengea DNA mpya.

Sasa utumbo. Mwaka 2020 Newcastle na Glasgow walitumia panya ambao kimeng'enya chao cha kunakili mitokondria kina hitilafu, wanakusanya makosa haraka kama wazee, halafu wakawaondolea Apc kwenye seli shina za utumbo. Vivimbe vikakua haraka zaidi kuliko kwa wenzao. Sababu waliyoipata ni kwamba seli yenye mitokondria mbovu ilikuwa imejipanga upya, inajitengenezea serini kwa wingi, hiyo ni tofali ya kujengea seli. Yani ukuta ulikuwa umeshazoea njaa kabla kansa haijafika, kansa ilipofika ikakuta jiko limewashwa. Ukiniuliza mimi hiyo ndiyo kazi iliyonishawishi zaidi kwamba si abiria tu. Ila ona bado ilihitaji Apc itoke kwanza. Mitokondria ilisukuma gari ambalo lilishawashwa.

Halafu kuna hili ambalo linashangaza. Mwaka 2021 walipitia data za wagonjwa wengi, wakaona mabadiliko yanayokata kabisa jeni za mitokondria yanajirudia hasa kwenye kansa za utumbo mpana, figo na tezi ya shingo. Kujirudia hivyo si bahati. Lakini wagonjwa wa utumbo wenye mabadiliko hayo waliishi MUDA MREFU kuliko wasio nayo, tena kwa tofauti kubwa. Kwa hivyo kitu kinachosaidia uvimbe kuanza si lazima ndicho kinachoufanya uwe mkali baadaye. Ndiyo maana ukiona mtu anasema "mitokondria mbovu = kansa" jua hajasoma mbali.

binti_pangani

Nimesoma zote mara mbili. Asanteni. Nimelia kidogo, ya watoto wa mjomba imenichoma maana yule mkubwa ana 38 na aliniambia alhamdulillah afadhali sisi.

Lakini bado sijaelewa kitu kimoja, kwa nini nisipime tu hiyo mitokondria nijiridhishe? Na vidonge je? Na ndugu wa Nairobi alivyosema duara imenakiliwa vibaya, je ni chakula, ni sigara, ni nini? Mama hakuwahi kuvuta wala kunywa.

labu_nairobi

Nianze na ya mwisho. Makosa kwenye mitokondria yana muhuri wa kunakili, ukiyapanga unaona ni aina chache za herufi zinazobadilishana kwa mpangilio ule ule kwenye kansa karibu zote. Hata sigara na jua, ambazo zinaacha alama wazi kwenye DNA ya kiini, kwenye mitokondria hawakuziona, hii ni kazi ya 2014. Kwa hivyo usimtafutie mama kosa. Hakukosea.

Kupima mitokondria kutoka kwa damu hakutakwambia lolote kuhusu utumbo, damu haina vile vishimo. Na kwetu sisi kuna shida ingine ambayo watu hawaisemi. Ile mitokondria ya 1981 inayotumika kama kipimo cha kulinganishia ilitoka kwa Mzungu. Mitokondria za Afrika ndizo za zamani zaidi duniani na ziko na tofauti nyingi kati yao, ile kazi maarufu ya 1987 iliyofuata kina mama wote wa dunia mpaka kwa mwanamke mmoja Afrika ilitumia DNA ya mitokondria. Mtu wa Tanga au Kitui ukimlinganisha na hiyo ya Mzungu utapata orodha ndefu ya "mabadiliko", makumi, na yote ni ya kawaida kabisa, ni ya ukoo wake tu. Maabara isiyo makini inaweza kukuuzia hiyo orodha kama ugonjwa. Njia sahihi ni kulinganisha uvimbe wa mtu na nyama nzima ya huyo huyo mtu, na hiyo inafanywa kwa utafiti, haijawa kipimo cha kliniki.

Vidonge, dadangu, hakuna kidonge cha kurudisha herufi iliyobadilika kwenye mitokondria ya seli shina. Omba urudishiwe pesa zako.

Pesa ukitaka kuitumia, tumia hivi. Mama alifanyiwa upasuaji au walikata kinyama wakapima? Kile kinyama huwa kinahifadhiwa patholojia, maabara inayopima vinyama, kwenye kipande cha nta, kinakaa miaka mingi. Familia inaweza kuomba kifanyiwe kipimo cha kupaka rangi cha zile protini nne za Lynch. Ikionekana moja imepotea ndipo sasa mtu mmoja aliyeugua, mjomba au mama mdogo, anapimwa damu kutafuta jeni yenyewe. Mkiipata nyinyi wote mnapima hiyo hiyo moja, ndiyo au hapana. Asiye nayo anarudi kuwa kama mtu wa kawaida. Aliye nayo anafuatiliwa kwa kamera kila mwaka mmoja au miwili, na wanawake wanafuatiliwa mji wa mimba pia.

mzee_wa_kahawa

Wanangu nimesoma kimya kimya tangu juzi, nina miaka 66, niko Moshi. Mimi ni mmoja wa hao. Baba yangu, baba siyo mama, alikufa na utumbo, kaka zangu wawili wakafuata. Sisi tuliita laana ya shamba, tukachinja mpaka tukachoka. Mwanangu aliyeko Ujerumani ndiye akalazimisha mimi nipimwe, nikakataa miaka miwili, niliona aibu, mtu mzima kuingizwa kamera huko nyuma. Mwaka wa tatu nikaenda kumnyamazisha tu. Wakatoa vinyama vitatu, kimoja walisema kilikuwa kimeanza kugeuka. Nililala, nikaamka nikaambiwa tumemaliza, nikadhani hata hawajaanza.

Binti, huyo kaka yako hatasikia kwa herufi elfu kumi na sita. Mpe simu aongee na mwanaume aliyepita humo. Niandikie inboksi nitampigia mwenyewe.

kijana_wa_MUHAS2

Shikamoo mzee. Asante kwa kusema hivi hadharani.

Na mimi nilienda kusoma baada ya majibu ya ndugu wa labu. Kuna daktari wa patholojia Marekani, Michigan, Warthin, mwaka 1895 fundi wake wa kushona nguo alimwambia kwamba yeye atakufa mapema kwa kansa ya tumbo au ya uzazi kwa sababu kwao wanakufa hivyo. Na kweli akafa kijana kwa kansa ya mji wa mimba. Warthin akaufuatilia ule ukoo akachapisha 1913. Jeni za kwanza zilipatikana 1993 na 1994, na maabara ya Vogelstein ilikuwemo. Miaka karibu mia moja tangu yule mama aseme. Nilivyosoma posti ya kwanza ya dada nikamkumbuka huyo fundi, maana dada naye kauona ukoo sawasawa, alichokosea ni DNA ipi tu.

binti_pangani

Mzee shikamoo, Mungu akuzidishie. Kaka ameongea na wewe jana nusu saa nzima, sijui ulimwambia nini lakini karudi sebuleni kasema "nitafutieni hiyo kamera". Tumepata nafasi alhamisi ijayo. Amekiri na kilo anapungua, suruali zote anavaa na mkanda tundu la mwisho, alikuwa anaficha.

Patholojia wamesema kinyama cha mama kipo. Kipo jamani. Nilisimama pale dirishani sikujua niseme nini, nikaona kama kuna kitu chake amebakiza kwa ajili yetu. Tunajichanga gharama za kile kipimo cha rangi.

Yule dada wa vidonge hajajibu tena. Mjomba nimemweleza, alikaa kimya kisha akasema yuko tayari kutoa damu. Yule mtoto wake mkubwa nilimpigia mwenyewe nikamwomba msamaha, akasema usijali, ila nisaidie nijue na mimi naanza wapi.

Sista, kaka anauliza hiyo siku moja kabla anakula nini, na ile dawa ya kuharisha ni kweli mbaya hivyo wanavyosema?

sista_endo

Ladha yake ni mbaya, simdanganyi, ni kama maji ya bahari yenye sukari. Aiweke kwenye friji, anywe glasi moja kila robo saa, akinywa kwa mkupuo atatapika yote. Akae karibu na choo, asipange safari.

Siku mbili kabla aache mboga za majani, maharage, njugu, mapera na kila tunda lenye mbegu. Ale wali mweupe, mayai, samaki, viazi bila maganda. Siku moja kabla ni maji maji tu, supu iliyochujwa, chai ya rangi, maji ya dafu. Rosela hapana, hata kidogo, na juisi yoyote nyekundu hapana, inapaka ukuta rangi tunashindwa kujua ni damu au ni rosela. Kama anameza vidonge vya kuongeza damu aviache leo, vinafanya choo cheusi kinachonata. Na ile dawa ya kienyeji aache pia, halafu amwambie daktari ni mizizi gani, hakuna atakayemgombeza. Kama anatumia dawa ya sukari au ya kuyeyusha damu anipigie kabla.

Akitoa choo kama maji ya njano safi, unaona mpaka chini ya sinki, hapo yuko tayari. Kikiwa bado cha udongo aseme, asione aibu, maana tukikuta uchafu tunaweza kupita juu ya kinyama kidogo bila kukiona na safari yote inakuwa bure.

Mje naye wewe, atakuwa na usingizi wa dawa hatakiwi kuendesha. Yule binamu wa miaka 38, hata kama hatoi damu chooni, mwambie aje naye siku hiyo hiyo aongee na daktari, nitamwandikia. Wewe 34, mama aligundulika na 47, kwa kawaida tungehesabu miaka kumi nyuma tukakuanza na 37, lakini kama kinyama cha mama kikija na jibu la Lynch basi hatusubiri, wewe na mdogo wako mnaingia mwaka huu.

Alhamisi mje saa moja asubuhi, mlango wa nyuma, ule wa mbele foleni ni ndefu.

binti_pangani

Tutakuja wanne.